BARAZA YA MAALIM: Mto Thames na Bamvua ya Bi Mkubwa



Ndugu wasomaji, katika toleo lililopita niliahidi kuwa nitaendelea na mas-ala ya mirathi. Naomba radhi kuwa mwezi huu nitaiweka ahadi hiyo kando, kwani kuna jambo limenitokea ambalo nisipoliandika likingali moto litapoa, nalo linatuhusu sote tuishio hapa Wembley, na hasa sisi tulio na wazee majumbani.

Mtaa wetu unapakana na nyumba ya mama mmoja mtu mzima, ambaye hapa nitamwita Bi Mkubwa. Ni mzaliwa wa kusini ya Unguja, katika vijiji vile ambavyo mtoto wa kike hujifunza kutembea juu ya mwamba wa pwani kabla hajajifunza kusuka ukili. Alikuja Uingereza kwa ajili ya mwanawe, akabaki kwa ajili ya wajukuu. Wasaa wake mwingi hupita katika chumba cha ghorofa ya tatu chenye dirisha linaloelekea maegesho ya magari. Akitoka, basi ni kwenda kwa daktari, au dukani, au msibani. Kila anapokwenda huongozana na mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja, ambaye ndiye mkalimani wake. Mtoto huyo humsemea bibi yake kwa daktari, humsomea barua za baraza la mji, na humjazia fomu. Ni mtoto mwema, naye hutoa shikamoo bila ya kukumbushwa. Lakini katika miaka yote niliyowajua, sikupata kumsikia akimuuliza bibi yake swali. Kwake yeye bibi ni mtu wa kuelezwa mambo, si mtu wa kuulizwa.

Siku moja Bi Mkubwa aliniambia, kama mtu anayesema na nafsi yake, "Maalim, mimi tangu nije nchi hii sijaona maji." Nilidhani anatania, maana hapa mvua haitupi nafasi. Akanifahamisha kuwa anakusudia maji ya kwenda na kurudi. Kwa kweli niliona haya. Nimeishi hapa miaka mingi, nimefundisha jiografia takriban miaka thelathini, najua kuwa kutoka kituo cha Wembley Park treni ya Jubilee humfikisha mtu Westminster, ukingoni mwa mto Thames, bila ya kubadilisha treni, na haikunipitikia hata mara moja kumwambia jirani yangu, "Twende."

Basi tulikwenda. Ilikuwa Jumamosi, mwezi 16 Muharram. Tarehe hiyo ya Kiislamu naitaja makusudi, na sababu yake mtaiona mbele. Tulikuwa watatu: Bi Mkubwa, mjukuu wake, na mimi niliyejitwika wadhifa wa kiongozi wa msafara. Nilikuwa nimejitayarisha kama nijitayarishavyo zamani kabla ya kuingia darasani. Usiku wa kuamkia safari nilipitia vitabu vyangu na kuandika karatasi mbili za maelezo. Bi Mkubwa alikuwa na kikapu chenye vitumbua, sambusa za nyama na chupa ya chai ya maziwa.

Ndani ya treni mtoto alikaa mbali nasi kidogo. Bibi yake alikuwa akizungumza kwa sauti ya kwao, sauti ya watu waliozoea kuitana baina ya mashamba, na abiria wawili watatu waligeuka kutazama. Mtoto akainamisha kichwa. Tulipoteremka Westminster na kuelekea gatini, alikwenda hatua tatu mbele yetu. Sikumlaumu. Wengi wetu tumeyaona hayo kwa watoto wetu, na wengine, tukisema kweli, tumeyafanya wenyewe mbele ya wazee wetu.

Chombo tulichopanda ni cha kutembeza wageni, chenye sitaha ya juu iliyo wazi na msemaji anayeeleza mandhari kwa kipaza sauti. Kiling'oa nanga saa nne na nusu za asubuhi kuelekea Greenwich, safari ya kiasi cha saa moja. Nyuma yetu tuliuacha mnara wa saa wa Bunge, ambao kengele yake kubwa, Big Ben, imekuwa ikipiga tangu mwaka 1859. Mbele, upande wa kushoto, tuliliona lile jiwe refu la Misri waliloliita Sindano ya Cleopatra, ingawa Cleopatra hakulichonga. Lilisimamishwa zamani za Firauni Thutmose wa Tatu, karne nyingi kabla ya Cleopatra kuzaliwa. Lilivutwa baharini kutoka Iskandaria, mabaharia sita wakapoteza maisha yao katika dhoruba ya mwaka 1877, kisha likasimamishwa hapo mwaka 1878.

Nikaanza somo langu. Nilieleza kuwa ukuta ule mrefu wa mawe uliojengwa ukingoni ni kazi ya mhandisi Joseph Bazalgette, aliyeujenga baada ya kiangazi cha mwaka 1858, ambapo uvundo wa mto ulizidi hata wabunge wakashindwa kukaa barazani mwao. Ndani ya ukuta huo mna mifereji mikubwa ya maji machafu. Nilieleza pia kuwa mwaka 1957 wataalamu wa makumbusho ya viumbe ya London walitangaza kuwa mto huu, kwa hapa mjini, umekufa, hauna uhai. Na kwamba baada ya usafishaji wa miaka mingi samaki wamerudi, na sili huonekana. Mtoto alikuwa akitazama simu yake. Bi Mkubwa hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameinama kwenye ukingo wa chombo, akitazama chini.

Akaniuliza, "Maalim, leo mwezi ngapi?"

Nilimtajia tarehe ya Julai. Akatikisa kichwa. "La. Mwezi wetu."

"Kumi na sita."

Akatabasamu tabasamu ambalo sikupata kuliona usoni pake. "Basi hii ni bamvua. Tazama ukuta."

Nikatazama. Ukuta wa mawe ulikuwa umevaa mwani wa kijani kutoka usawa wa maji hata juu kabisa, urefu wa zaidi ya watu wawili waliosimamishwa bega kwa bega. Chini yake palikuwa pwani tupu ya changarawe na matope, na watu wawili wakitembea juu yake wakiinama na kuokota, kwani wako watu hapa wenye kibali cha mamlaka ya bandari kutafuta vitu vya kale katika matope hayo. Mimi nilikuwa nimeuona ukuta, sikuyaona maji.

Bi Mkubwa akaendelea kwa utulivu: "Maji yalitoka alfajiri, yamekauka kiasi cha saa tatu. Sasa yanaingia. Huoni chombo kinavyosukumana nayo? Tukirudi jioni yatakuwa yamejaa mpaka kule kwenye mwani wa juu. Saa kumi."

Mtoto aliinua kichwa akacheka. "Saa kumi? Bibi, saa kumi ishapita karibu!" Nikafahamu kosa lake. Yeye alisikia kumi akafikiria kumi ya saa ya Kiingereza, ambayo kwetu ni saa nne ya asubuhi. Nikamkumbusha kuwa Waswahili tunahesabu saa tangu kuchomoza jua na tangu kuchwa kwake, kwa hiyo saa ya Kiingereza na yetu hupishana kwa sita. Saa kumi ya jioni ya bibi yake ni saa nne ya Kiingereza. Hilo lilimfanya anyamaze kidogo. Kisha, kwa ukaidi wa watoto wa umri wake, akamwendea kijana mmoja mfanyakazi wa chombo, akamwambia kwa Kiingereza: bibi yangu anasema maji yatajaa saa nne ya jioni, ni kweli? Kijana yule akatoa jedwali la maji katika simu yake, akatazama, akamtazama Bi Mkubwa, akasema: saa kumi kasorobo. Akauliza bibi huyu amejuaje.

Mtoto akarudi kwetu. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akiuliza, na kwa Kiswahili, "Bibi, umejuaje?"

Ndugu wasomaji, hapa ndipo mwalimu wa jiografia alipokunja karatasi zake mbili akazitia mfukoni.

Bi Mkubwa alimweleza mjukuu wake mambo ambayo kila mtoto wa pwani yetu aliyajua kabla ya kujua kusoma. Alimwambia kuwa bahari humfuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana, na hiyo ndiyo bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, kiasi cha tarehe saba au nane na ishirini na mbili au tatu, maji hayajai sana wala hayatoki sana, na hayo huitwa maji mafu. Alimwambia kuwa kila siku maji huchelewa kidogo kuliko jana. Na kwao, siku za bamvua, maji hukauka asubuhi saa tatu au saa nne, na hapo ndipo wanawake walipokuwa wakitoka na vijiti vyao na vikapu kwenda kuchokoa pweza na kuokota kombe na chaza, nao wakijua sawasawa lini wageuze uso warudi, maana anayechelewa mwambani maji humzunguka kwa nyuma. "Sisi hatukuwa na saa ya mkono," alisema. "Tulikuwa na mwezi."

Nami niliongeza lile dogo lililonibakia. Nilimweleza mtoto kuwa yote aliyoyasema bibi yake ndiyo niliyokuwa nikiyafundisha kwa chaki: mwezi na jua vinapokuwa katika mstari mmoja na dunia, mivuto yao husaidiana, na ndiyo bamvua, vinapovuta kwa pembe mraba hupunguzana nguvu, na ndiyo maji mafu. Kule kuchelewa kwa kila siku ni kiasi cha dakika hamsini. Kwetu Unguja baina ya maji makavu na maji makuu ya bamvua hupata kiasi cha mita nne. Hapa kwenye Daraja la London hufikia karibu mita saba, kwa sababu mlango wa mto huu ni mpana kama mdomo wa tarumbeta kisha unabana, na maji ya Bahari ya Kaskazini yakisukumwa humo hayana pa kwenda ila juu. Kwamba saa za bamvua za Unguja na za London zimekaribiana ni sadfa tu, kwani kila bandari ina saa yake. Lakini kanuni ni moja, na kanuni hiyo Bi Mkubwa anayo.

Safari ikaendelea. Tulipita chini ya Daraja la London, nikawaeleza kuwa lililokuwapo kabla ya hili liliuzwa mwaka 1968 kwa tajiri wa Kimarekani, likabebwa jiwe baada ya jiwe hadi jangwa la Arizona. Bi Mkubwa alisema kuwa mwenye kununua daraja bila ya mto ana mali kuliko akili. Nilipomwambia kuwa walilichimbia mfereji wa maji upite chini yake, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Tukapita Mnara wa London, na lile daraja la minara miwili linalofunguka, lililozinduliwa mwaka 1894.

Mara tu baada ya daraja hilo, mkono wa kushoto, pana lango la gati ya St Katharine. Msemaji wa chombo alitaja mikahawa na mashua za matajiri zilizofungwa humo, akapita. Mimi sikuweza kupita. Gati hiyo ilifunguliwa mwaka 1828, baada ya kuvunjwa nyumba za watu wapatao elfu kumi na moja, wengi wao maskini waliokuwa wakipanga, ambao hawakulipwa kitu. Na ndani yake, hadi leo, limesimama jengo la matofali lenye mnara wa saa, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1850, ambalo Waingereza huliita Nyumba ya Pembe. Maghala yake yalihifadhi pembe za ndovu, na katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa hakuna bandari iliyopeleka pembe nyingi duniani kama Unguja. Humo zililala pembe zilizotoka Manyema, Ujiji na Tabora, zikapitia Bagamoyo na forodha ya Unguja, zikaja kukatwa hapa kuwa vibonyezo vya piano, mipira ya biliadi na mipini ya visu.

Mtoto akauliza kwa nini watu walisafirisha vitu vizito hivyo kutoka mbali namna ile, na kama palikuwa na treni. Kabla sijajibu, bibi yake akasema, "Pembe haina miguu, mwanangu. Ilibebwa."

Ilibebwa mabegani, ndugu wasomaji. Wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi ile kwa ujira na kwa fahari. Lakini wengine walikuwa watumwa, na misafara ile ile ya pembe ilikuwa mara nyingi misafara ya kununua na kuteka watu. Baadhi ya wakubwa wa misafara walikuwa watu wetu, wenye majina kama yetu, wakisali sala zetu. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa Tippu Tip, ameyaeleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na hakuficha vita vyake. Nilimwambia mtoto hayo yote. Najua wako wanaoona kuwa mambo haya hayafai kusemwa mbele ya watoto, kwa kuwa yatawatia aibu. Rai yangu ni kuwa watayasikia skulini kwa hali yoyote, na ni bora wayasikie kwanza kwetu, yakiwa kamili: kwamba walionunua walikuwa hapa, waliouza walikuwa kwetu, na waliobeba ndio waliolipa gharama. Tembo nao walilipa. Leo Uingereza imepiga marufuku takriban biashara yote ya pembe kwa sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika mwaka 2022, na Nyumba ya Pembe ni makaazi na maduka.

Wala si bidhaa tu zilizopita njia hii ya maji. Meli ya Sultana ya Sayyid Said, ile iliyofika New York mwaka 1840, ilikuja London mwaka 1842 ikimchukua mjumbe wake Ali bin Nasir. Sayyid Barghash mwenyewe alizuru mji huu mwaka 1875, na khabari za safari yake ziliandikwa kwa Kiarabu na katibu wake Zahir bin Said, zikapigwa chapa hapa hapa London mwaka 1878. Hao walikuwa wakubwa na walipokewa kikubwa. Lakini mbele kidogo, tulipofika Limehouse, niliwaonesha upande walikoishi wadogo. Huko ilifunguliwa mwaka 1857 nyumba ya kuwahifadhi mabaharia wa Kiasia na Kiafrika, kwani manahodha wa meli walikuwa wakiwaleta hadi London kisha wakiwaacha gatini bila ya kazi wala nauli, nao wakifa kwa baridi mitaani. Wengi wao walikuwa Waislamu wa pwani za Bahari ya Hindi. Hawakuwa na msikiti. Msikiti wa kwanza uliojengwa makusudi nchini, ule wa Woking, ulikuja mwaka 1889, nao uko mbali na magati. Bi Mkubwa alinyanyua mikono akawasomea Fatiha. Mjukuu wake, ambaye asubuhi alitembea hatua tatu mbele, alinyanyua mikono pamoja naye, hapo juu ya sitaha, mbele ya watalii wote.

Tulifika Greenwich saa tano na nusu. Tuliitazama Cutty Sark, jahazi la kuchukulia chai lililoshushwa majini mwaka 1869, likaungua mwaka 2007 na kufunguliwa tena mwaka 2012. Bi Mkubwa aliikagua milingoti yake na kamba zake kwa makini, akauliza mabaharia wangapi, akaridhika. Kisha tukapanda kilima polepole, tukipumzika kila palipo na benchi, hadi penye jumba la kutazamia nyota lililoasisiwa mwaka 1675. Hapo ndipo unapopita mstari wa sifuri, ambao mkutano wa Washington wa mwaka 1884 uliukubali kuwa mwanzo wa kuhesabu longitudo za dunia. Unguja iko kiasi cha digrii 39 mashariki ya mstari huo.

Juu ya jumba hilo pana mpira mwekundu katika mlingoti. Tangu mwaka 1833 mpira huo hupandishwa na kuangushwa kila siku saa saba kamili, ambayo Waingereza huita saa moja, ili mabaharia waliokuwa mtoni wauone na kurekebisha saa zao. Tuliungojea. Saa saba kasoro dakika tano ulipanda nusu, kasoro mbili ukafika juu, na kwa saa saba kamili ukaanguka. Nikamwambia mtoto ajiulize: katika kiangazi saa za nchi hii husogezwa mbele kwa saa moja, kwa hiyo mpira huu unapoanguka saa saba, saa ya kweli ya Greenwich ni sita, na jua liko karibu sawa na mstari huu. Kwa maneno mengine, mpira unaanguka karibu na zawali. Dakika chache baadaye wakati wa Adhuhuri ulikuwa umeingia.

Tulitawadha kwa maji ya chupa, tukatandika mkeka wa Bi Mkubwa katika majani chini ya mti, tukaelekea kusini mashariki, tukasali jamaa. Hakuna aliyetusumbua. Baadaye tulikula vitumbua na sambusa, na mtoto akachukua karatasi moja katika zile zangu mbili, akageuza upande mtupu, akaanza kumhoji bibi yake: maji mafu ni tarehe gani? Pweza hukaa wapi? Mtu akikatwa na mwamba hufanyaje? Alikuwa akiandika Kiswahili kwa tahajia ya Kiingereza, nami nikajizuia, kwa taabu kubwa, nisimsahihishe.

Tuliondoka Greenwich saa tisa. Safari hii maji yalikuwa yakitusukuma. Tulipofika Westminster, kiasi cha saa kumi, ile pwani ya changarawe tuliyoiona asubuhi haikuwapo. Maji yalikuwa yamesimama katika mwani wa juu kabisa, kimya, kama birika lililojazwa. Mtoto aliegemea ukingoni akayatazama. Bi Mkubwa hakusema kitu, wala hakuwa na haja ya kusema. Ndani ya treni ya kurudi Wembley Park walikaa pamoja, mimi nikakaa mbali. Alaasiri ilitukuta nyumbani.

Nimejiuliza tangu siku hiyo: ni wazee wangapi katika mitaa yetu hii ambao wana elimu kamili vifuani mwao, na sisi tumewageuza kuwa watu wa kupelekwa kwa daktari? Tumewazoeza watoto wetu kuwatafsiria wazee, na hilo ni jema na ni wajibu. Lakini mkalimani wa kila siku huishia kumwona anayemsemea kuwa mjinga, na kosa si lake. Sisi hatukumpeleka hata mara moja mahali ambapo bibi yake ndiye ajuaye. Kwa Bi Mkubwa mahali hapo ni penye maji. Kwa mzee mwingine huenda ni bustani, au soko la samaki, au karakana ya seremala. Ni juu yetu kupatafuta. Waliosema uzee ni dawa walikusudia dawa inayonywewa, si ile inayowekwa juu ya kabati.

Kwa wanaotaka kwenda, haya ni machache ya kufaa. Treni ya Jubilee kutoka Wembley Park hufika Westminster moja kwa moja, na gati iko hatua chache kutoka kituoni. Wazee wenye pasi ya bure hupanda treni bila ya malipo, ila siku za kazi ni baada ya saa tatu za asubuhi. Chomboni hulipwa, ulizeni bei ya punguzo ya wazee na ya watoto kabla ya kukata tikiti. Chukueni mtandio au koti hata siku ya jua, kwani mtoni pana upepo. Chakula chukueni chenu, na maji ya kutosha ya kutawadhia. Na mkitaka kuona maji yakicheza, nendeni karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, mpande asubuhi na kurudi jioni. Kalenda ya kutizama ni ile ile iliyobandikwa jikoni mwenu, ya nyakati za sala.

Mirathi tutairudia mwezi ujao, inshaallah, kabla ya bamvua ya pili; nimeshaarifiwa na jirani yangu mdogo kuwa siku hiyo nina ahadi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.